Kitanda Ndani ya Trela ya Mahindi

Matatu ilipotoka Bungoma, mama aliyeketi mbele yangu alikuwa na springi kuukuu za gari miguuni, zimefungwa kwa gunia. Bwana mmoja kutoka Mabanga aliyekaa kando yake akamwuliza ni za nini.

"Za trela yangu ya mahindi," akasema. "Naigeuza iwe ya kulaza wageni wanaopanda Mlima Elgon. Kitanda ndani, hema juu, jiko nyuma."

"Mama, si hiyo itapinduka kwa matope ya njia ya Endebess?"

"Ndiyo maana nimenunua springi, baba."

"Na wakati wa mavuno majirani watabeba mahindi kwa kitu gani?"

"Wameiazima miaka yote, na hakuna aliyewahi kuziba pancha. Mwaka huu wataazima kitanda."

"Ati mtu aache nyumba yake alale kwa trela?"

Mimi nimesoma kuhusu watu wa namna hiyo, lakini sikuulizwa.

Tuliposimama Kitale, mama alimpa bwana upande mmoja wa gunia. Wakashuka wakilibeba pamoja.

"Itapinduka," bwana akasema. "Angalau tangi la maji ya wageni uliweke katikati, juu ya ekseli ya magurudumu, si nyuma."

"Nani amekuuliza?" akajibu mama, lakini alipunguza mwendo ili asikie vizuri.