Msomee Kwanza: Maisha ya Kifungua Mimba Wangu

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1979, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali ya wilaya, hatua chache kutoka chumba cha dobi ambako mama yake alifua mashuka kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa kifungua mimba, akafuatiwa na mdogo wake wa kiume. Baba yao, mlinzi wa lango la hospitali hiyo hiyo, alitangulia mwaka 1988. Maneno haya ni yangu mimi mama yake. Kalamu ni ya binamu yake, ambaye ndiye anayewasomea. Nimemwambia asipambe.

Mdogo wake alitaka karatasi hii iandikwe "Daktari" mbele ya jina la dada yake. Alisema, "Mama, nani atajua?" Nikamwambia, "Yeye." Hakuwa daktari. Alibakiza sura moja ya kitabu chake, akaacha. Nitaeleza.

Marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1986, katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli. Ripoti ya kila muhula ilihitaji sahihi ya mzazi, na sahihi yangu ni dole gumba. Yeye ndiye aliyenishikia pedi ya wino. Dole langu la kulia liliunguzwa na mashine ya kupiga pasi, na kovu lake hutokea kwenye karatasi kama mstari mweupe. Alipokuwa darasa la nne alipata hesabu mbaya, akagonga dole lake mwenyewe. Niliifungua ile ripoti nikaona duara dogo, zima, halina mstari.

"Hili dole la nani?"

"Lako, mama."

"Langu lina kovu."

Nilimshika mkono hadi kwa mwalimu mkuu, nikamtaka mtoto azisome zile alama kwa sauti mbele yake, ndipo nikagonga la kwangu. Njiani kurudi hakulia. Aliniuliza tu kama kila mtu ana dole lake peke yake. Nikamwambia kila mtu, hata asiyejua kusoma.

Alimaliza sekondari mwaka 1998, akapata shahada ya famasia mwaka 2003, akawa mwalimu wa baiolojia shule ya wasichana. Tarehe 6 Agosti 2005 aliolewa na fundi wa friji, mtu mpole, ambaye husema alioa mke anayesoma hata maandishi ya nyuma ya kiberiti. Walijaliwa watoto wawili, msichana na mvulana.

Mwaka 2010 alirudi chuoni kusomea udaktari wa vitabu, si wa kutibu. Utafiti ulikuwa wa dawa mpya ya presha, ikijaribiwa kwa kina mama wazee katika zahanati nne. Msimamizi wake alikuwa profesa aliyemfundisha tangu shahada ya kwanza na kumwita "binti yangu". Mimi nilitembea kichwa juu. Dobi kuzaa daktari si jambo la kila siku, na niliwaambia waliotaka kusikia na wasiotaka. Nilijishonea gauni la kuvaa siku ya mahafali yake, la zambarau.

Februari 2014 alikuwa akipanga fomu za ridhaa, yaani karatasi ambazo mgonjwa anagonga dole baada ya kusomewa na kukubali kujaribiwa dawa. Fomu arobaini na tatu, majina arobaini na matatu, dole moja. Alizitandaza mezani akazitazama siku nzima. Kesho yake alimfuata mmoja wa wale wazee, muuza mkaa, akamuuliza kama alisomewa. Yule mama akajibu, "Kusomewa nini, mwanangu? Mimi najua nameza dawa yangu ile ile."

Akaingia kwa profesa na fomu zake. Yaliyosemwa huko alinisimulia mwenyewe, na hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

"Wale bibi hawajui kusoma," profesa alisema. "Ukiwasomea kurasa sita watasinzia."

"Mama yangu naye hajui kusoma, Profesa."

"Basi naye angekubali. Wote hukubali."

Marehemu alichukua mkoba wake akatoka. Jumatatu, tarehe 24 Februari, aliipelekea kamati ya maadili ya utafiti barua, kisha akaja kwangu.

Nilimwambia arudi akaombe radhi, kwamba mtu mzima kuna mahali hutazama pembeni. Akaniambia, "Mama, si ni wewe uliyenipeleka kwa mwalimu mkuu?" Nikamwambia ile ilikuwa hesabu ya darasa la nne. Akasema, "Na hawa ni watu." Akaiacha ile sura ya mwisho, akarudi kufundisha baiolojia. Sikumsemesha miezi saba. Nalisema hapa kwa kuwa ni kweli. Kila Jumapili alileta wajukuu, akaketi kizingitini akisahihisha madaftari, mpaka kununa kukanichosha. Samahani sikusema. Hakuidai.

Kamati ilijibu kwamba suala lake limepokelewa. Hadi leo limepokelewa. Yeye hakungoja. Aliwaendea wale kina mama arobaini na watatu mmoja mmoja, baada ya kazi, akaketi na kila mmoja akamsomea kurasa zote sita. Thelathini na sita waliacha vile vidonge. Saba walisema wataendelea, akawaacha waendelee, maadamu wamejua. Wapo walioketi viti vya nyuma leo. Hakuna aliyewaita.

Alitaka kunifundisha na mimi kusoma. Nilimwambia samaki hukunjwa angali mbichi, mimi nimeshakauka. Akasema hata mkavu huloweshwa. Nikajifunza jina langu.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Novemba 2024. Ulionekana uvimbe. Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, alipelekwa kupasuliwa katika hospitali ile ile niliyoifulia. Yeye aliweka sahihi yake, ikatakiwa na ya ndugu mmoja. Mume wake alikuwa ghorofa ya chini akimtolea damu. Muuguzi akaniletea karatasi na wino.

"Weka dole hapa, mama. Daktari anasubiri."

Marehemu alikuwa amelala kitandani pale mlangoni. Akasema, "Dada, msomee kwanza."

Muuguzi akanisomea. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba anaweza asiamke. Nikamtazama mwanangu, akaitikia kwa kichwa. Nikaweka dole. Hakuamka. Ilikuwa saa tisa alasiri. Watu wananiuliza kama nilijua. Nilijua. Nilisomewa.

Ameacha mume, watoto wawili, mdogo wake, na mimi. Lile gauni la zambarau ndilo nililolivaa leo. Apumzike, hana deni la mtu.

Haya yote nimesomewa mara mbili, nimeyaelewa, nimeyakubali. Jina langu najua kuliandika, alinifundisha yeye. Lakini hapa chini naweka dole. Lina mstari mweupe katikati.