Mshale Mwekundu wa Efrazia

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka Efrazia Sefania, mzaliwa wa bonde la chini ya Rangwi. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi kwetu Lushoto mwaka tisini na tano. Alifariki Desemba iliyopita, kwenye zile mvua zisizokatika. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Kazi ya Efrazia ilikuwa kukokotoa mteremko upi utaporomoka. Ofisi yao ilipewa kompyuta tano kuukuu, masalia ya shirika la umma lililouzwa. Kompyuta moja ilimaliza hesabu kwa siku tisa. Sasa mvua gani itakungoja siku tisa?

Basi Efrazia akapata programu ya kuchora. Mimi kompyuta naziogopa, lakini hili nililielewa. Programu ile ilisoma mistari aliyoiandika, ikaigeuza picha. Kila hesabu ikawa kisanduku. Mshale ulionyesha hesabu ipi inangoja ipi. Visanduku visivyo na mshale kati yao vingeweza kwenda pamoja, kila kimoja na kompyuta yake. Siku tisa zikawa mbili. Na kazi ikiisha, skrini iliandika: "Efrazia, nimemaliza. Nianze tena?" Maneno hayo aliyaweka mwenyewe. Wenzake walimcheka sana.

Halafu kukaanza mambo. Aliendesha hesabu ya bonde la kwao mara saba. Mara sita jibu lilikuwa salama. Mara moja, hatari. Namba zile zile, mashine zile zile.

"Nilimwambia hizo kompyuta zimezeeka," anasema Abrahamu, aliyefanya naye kazi. "Akasema, hapana, mojawapo inajua kitu."

Asubuhi moja akaja mama yake mzazi, Mama Marta, na mboga za sokoni. Alisema kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, jambo ambalo Abrahamu halisahau: "Mvua inanyesha, lakini chemchemi yetu imenyamaza. Hata vyura hawalii."

Efrazia alisimama mbele ya ule mchoro wa visanduku, aliokuwa ameuchapa na kuubandika ukutani. Kama chemchemi imenyamaza, basi maji yamekwama ndani ya mlima. Maji ya juu yalikuwa kisanduku kimoja. Mteremko wa chini, kisanduku kingine. Kati yao hapakuwa na mshale. Kumbe hesabu ya mteremko ilichukua namba za maji kabla hazijakamilika. Mara moja tu ilichelewa, ikazikuta kamili. Mara hiyo ndiyo iliyosema hatari.

Alichora mshale kwa kalamu nyekundu. Akasahihisha programu, akaiwasha. Jibu lingetoka baada ya siku mbili.

Wasikilizaji wapendwa, huyu ni mtu ambaye hakusema neno bila kuhakikisha. Siku ile hakungoja. Alichukua koti, akaondoka na mama yake.

Ukungu ulikuwa mzito. Alipita nyumba kwa nyumba. Watu arobaini na wawili walipanda hadi kanisani wakinung'unika. Akakosekana Mzee Kornelio, asiyesikia vizuri. Efrazia akarudi kumwita, hajui kwamba mzee ameshapanda kwa njia ya nyuma.

Mzee Kornelio aliniambia mwenyewe: "Masikio yangu yamekufa siku nyingi, mwanangu. Lakini nilimsikia akiniita, wazi kabisa. Mara mbili. Mara ya pili mlima ulikuwa umeshashuka."

 

Efrazia alizikwa baada ya siku mbili, saa nane mchana. Asubuhi hiyo ofisini alikuwepo Abrahamu peke yake, akijiandaa kwenda msibani. Kompyuta zote tano zikalia kwa pamoja. Hazikuwa zimewahi kumaliza pamoja. Jibu lilikuwa hatari. Chini yake: "Efrazia, nimemaliza. Nianze tena?"

Abrahamu alizizima, akatoka. Alipoziwasha baada ya wiki, swali lilikuwa pale pale. Hajabonyeza kitu. Mimi pia nisingebonyeza.

Mama Marta, shikamoo, na pole sana. Poleni ndugu na wana Rangwi wote. Nimelia nanyi, na sioni aibu kulisema hewani.

Na wewe unayenisikia ukiwa chini ya mteremko, leo nenda kaisikilize chemchemi yako. Ukiikuta kimya na mvua inanyesha, usitafute wa kukuhakikishia. Waite majirani, mtoke. Jibu litawakuta huko juu.