Fundi Nata Anashuka Garini

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya kuliendesha, kulitengeneza na kulibembeleza gari letu la kliniki ya macho, Fundi Nata anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Wapo tuliodhani gari litastaafu kwanza. Tulikosea, na yeye mwenyewe anakiri kuwa hata yeye amelishangaa.

Kwa wasomaji wasiolijua, gari hilo ni nyumba yenye magurudumu. Mbele hukaa dereva, katikati kuna chumba cha kupimia macho, na nyuma kuna vitanda vinne vya kukunja, jiko dogo la gesi, sinki moja na choo ambacho leo hatutakizungumzia. Tunaishi humo majuma mawili kila safari. Barabara ikiwa mbovu, kilichofungwa kwa skrubu hulegea na kilichogundishwa hubanduka. Fundi aliajiriwa awe dereva tu. Safari yake ya kwanza mlango wa kabati la vyombo ulidondoka, akaurudisha kwa tepu nyeusi ya umeme kabla chai haijachemka. Tangu hapo hakuna aliyemruhusu tena kuwa dereva tu.

Jina la Nata alilipata kwa daktari mkuu, siku soli ya kiatu chake ilipoachia wakati wageni rasmi wako njiani. Fundi alichanganya gundi ya mirija miwili juu ya kifuniko cha sufuria, akapaka, akakikaza kiatu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akakataza kisiguswe kwa saa nzima. Wageni walifika mapema. Walimkuta mkubwa wetu nyuma ya meza, mguu mmoja na kiatu na mwingine na soksi, na hakuinuka kumsalimia mtu. Tulisikia baadaye kwamba walimsifu kwa kuwa mtu mzito, asiyebabaishwa na vyeo.

Lakini asidhaniwe kuwa ni mtu wa kubandikabandika. Kwake yeye tepu ni huduma ya kwanza, si tiba. Kabla ya kuibandika lazima pafutwe vumbi, papitishwe spiriti na pakauke kabisa, jambo lililomgombanisha na mtunza stoo kwa miaka mingi, maana spiriti ile ilikuwa ya kusafishia vifaa vya hospitali. Kila kipande alikikata pembe zake ziwe mviringo ili zisiinuke, kisha akaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Safari ikiisha, alikuwa akizunguka gari zima akisoma tarehe zile, akibandua kipande kimoja kimoja na kufanya matengenezo ya kweli. Shemeji yetu, mke wake, alishazoea kupigiwa simu kuwa mumewe amefika, halafu kungoja saa tatu nyingine ndipo amwone mlangoni.

Hatutasahau siku tawi lilipopasua kifuniko cha plastiki cha dirisha la paa. Mvua ilikuwa inakusanyika, na watu arobaini walikuwa wamepanga foleni nje, wengine wakiwa wametembea tangu alfajiri. Fundi alipanda juu na kekee ya mkono, akatoboa tundu dogo pale ufa ulipoishia ili usiendelee kusafiri, akabandika tepu pana ya paa upande wa nje na nyingine upande wa ndani. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Chumbani halikuingia tone, na watu wote arobaini walipimwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi akaongeza kuwa ukiuziba vibaya utaujenga huohuo ukuta, tena ukiwa umelowa.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo limemkaa moyoni mzee wetu kwa miaka kumi na moja, na tusipolisema leo ataondoka nalo.

Asubuhi moja ya kliniki komeo la dirisha la chumba cha kupimia lilivunjika. Fundi aliligundisha kwa supa gluu. Hapohapo jenereta ikazimika, akatoka mbio, kichupa cha gundi kikabaki ndani. Sasa kichupa cha supa gluu ni kidogo kama kidole, kina mdomo mwembamba, na kwa mtu mwenye haraka hakina tofauti na chupa za dawa zetu za macho. Muuguzi wa zamu alinyoosha mkono kwenye trei, akachukua chupa, akamwambia bibi mmoja aliyekuwa kitini ainue uso.

Kawaida yetu ni kudondosha tone la kwanza juu ya mkono wa muuguzi mwenyewe, ili mgonjwa aone kwamba dawa haichomi. Tone likadondoka. Muuguzi akaligusa kwa kidole ili amwonyeshe bibi, na kidole hakikurudi. Bibi akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo dawa yenyewe au tunamfanyia mchezo.

Hakuumia mtu. Muuguzi aliloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka ngozi ikaachia, na bibi alitiwa dawa halali, akapimwa, akarudi kwake na macho yake yote mawili. Lakini Fundi alipopata habari aliketi kwenye ngazi ya gari. Kisha akaenda peke yake kwa daktari mkuu, akasema ni yeye aliyeacha gundi kwenye trei ya dawa, na siku hiyohiyo akaandika barua ya kuacha kazi.

Daktari aliikataa barua ile, akamwambia alete sheria badala yake. Sheria aliyoleta tunaifuata hadi leo. Gundi zote hukaa ndani ya sanduku la bati lililofungwa nje ya gari. Anayeitoa hupaza sauti, “Gundi imetoka!” na kila mtu hujibu, “Tumesikia!” Ikirudi, hivyohivyo. Wagonjwa waliotuzoea hujibu kwa sauti kubwa kuliko wafanyakazi. Kwa miaka kumi na moja hakijaonekana tena kichupa cha gundi chumbani. Hata hivyo, kila tulipopata wafanyakazi wapya Fundi aliwakalisha akawasimulia kisa kile, akijitaja yeye mwenyewe kuwa ndiye mkosaji. Juma lililopita aliulizwa atakumbuka nini kazini. Hakutaja paa wala kiatu cha daktari. Alitaja jicho la yule bibi.

Hapa sina budi kuacha kuandika kwa mbali, kwa sababu muuguzi yule ni mimi.

Fundi, hukuiacha gundi kwenye trei. Kwa mbio za jenereta hukukumbuka, lakini uliiacha juu, pale dirishani, kando ya komeo lililokuwa likikauka. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanga meza kwa pupa, nikaitoa dirishani nikaichomeka katikati ya dawa bila kuisoma. Nilikumbuka jioni ile, kidole kikiniwasha. Nilipokuja kusema, nikakuta umeshakwenda kwa daktari na umeshaubeba mzigo wote. Nikaona aibu, nikanyamaza. Nilijiambia kuwa yameisha, hakuna aliyeumia. Kumbe kuna aliyeumia, na kila ulipowasimulia wafanyakazi wapya kisa kile nilikuwa nikitazama sakafu.

Juzi nilikuja nyumbani kwako nikakueleza haya mbele ya shemeji. Nilipomaliza nikaanza kutafuta mkoba wangu niondoke. Kisha ukacheka, ukacheka tena mpaka ukafuta machozi, na shemeji akasema hajakuona umelegeza mabega hivyo tangu mwaka ule. Ukaniuliza kama nimekuwa nikilala vizuri. Nikasema hapana. Ukasema wewe pia hapana, basi sasa tulale. Ndipo ukanipa ruhusa ya kuandika, na daktari mkuu naye ameridhia. Nimetoka kwako nikiwa mwepesi, na najua nimekuchelewesha miaka kumi na moja.

Kwa niaba ya wenzako wote, na ya watu wengi wanaoona njia kwa sababu gari lilifika na paa halikuvuja, tunakushukuru. Tunakuombea siku nyingi za afya, wajukuu wasiochoka kukuletea vitu vilivyovunjika, na moyo usiodaiwa lolote. Wafanyakazi wapya wanaanza Jumatatu. Nimeomba niwasimulie mimi kile kisa, nao watasikia tangu mwanzo kwamba aliyeweka gundi kwenye trei hakuwa Fundi.