Maneno ya Kwenye Boksi

Basini, mbele yangu walikaa mwenyekiti na katibu wa chama cha wazazi ambao watoto wao walidhuriwa na dawa wakiwa tumboni. Walikuwa wanakwenda wizarani kudai onyo kwenye boksi la dawa hiyo.

“Tuandike ‘Mwone daktari kwanza,’” alisema katibu. Mwenyekiti akacheka mpaka dereva akashika breki. “Kaka wee, mimi nilimwona. Ndiye aliyenipa!”

“Basi tuandikeje, dada?” “‘Una mimba? Usimeze!’” “Watasema ni ukali.” “Mwanangu ana miaka kumi na tisa, bado namfunga vifungo vya shati. Naye huchagua lenye vifungo vingi, kunikomoa tu. Nani mkali hapo?”

Kituo changu nilikuwa nimeshakipita makusudi. Basi liliposimama wizarani, walishuka wakinyang’anyana kalamu. Katibu alibaki nayo, mwenyekiti akaondoka na kifuniko.