Neno Nililompa Harrison

Twaiba, mwanangu, niinue kidogo na mto, kisha ufunge mlango wa ukumbini; na wewe Abdurahman sogea hapa, kwa kuwa sauti yangu haifiki mbali tena. Bismillahi. Pumzi nilizonazo ni chache na nataka zinitoshe kwa jambo ambalo mama yenu, Dama, Mungu amrehemu, alikwenda nalo kaburini kwa sababu nilimkataza kulisema.

Ya mali ni mepesi. Minazi ya Tiwi mtagawana kama kadhi atakavyowapangia, wala msigombane. Mbuzi nimekwisha kumpa Twaiba nikiwa hai, kwa kuwa ndiye aliyewachunga mbuzi hao wewe Abdurahman ulipokuwa mjini. Lakini kile kipande cha nyuma, penye msingi wa nyumba ulioota nyasi, msikiguse. Si changu.

Mnakumbuka nilivyokuwa mkali wa maneno humu ndani. Mbuzi alilala zizini, kuku kizimbani, ndege kiotani, nyuki mzingani, na mtoto aliyechanganya hakuonja chakula mpaka aseme sawasawa. Abdurahman, nilikuchapa ufito siku uliyosema "nyumba ya kuku", ukalia, ukaniuliza kwani kuna ubaya gani. Sikukujibu. Nakujibu leo.

Harrison mlimjua kidogo tu. Ni yule seremala wa bara aliyekuwa akitengeneza makabati ya hoteli za Diani, niliyemuuzia kile kipande mwenyewe, tukapeana mikono. Alikuwa mtu wa watu. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia kazini, na siku moja alinisimulia alivyoitwa mahakamani Kwale kutoa ushahidi wa mbao zilizoibwa. "Nilisimama kizimbani, mzee, mbele ya hakimu," akasema. Nami nikamwona kichwani mwangu amejikunja kati ya kuku wangu, nikacheka mpaka machozi. Akacheka kwa kunifuata. Sikumweleza kilichonichekesha.

Kisha ukaja mwaka ule wa vurugu, watu wa bara walipofukuzwa huku kwetu. Nyinyi nilikuwa nimewapeleka Majoreni kwa bibi yenu. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, moshi umesimama upande wa sokoni, na Harrison akapenya kwenye ua wa michongoma, miguu mitupu, unga wa mbao kwenye nywele. Akaniambia, "Mzee Chirau, nifiche."

Mnakijua kizimba changu. Nilikijenga kirefu, kwa fito za mikoko, na nyuma yake nilichimba chini ili kuku wasifikiwe na nguchiro. Mtu mzima angelala mle na asionekane. Vijana nilikuwa nikiwasikia tayari, wanaimba. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Kizimbani. Haraka."

Akauliza, "Kizimbani?"

Nikasema ndiyo.

Akaondoka mbio. Akakipita kizimba, bega lake likagusa nguzo, kuku wakaruka, akashika njia ya kwenda barabara ya lami. Nilisimama sielewi. Alipofika penye kona ya njia akageuka, akanitazama, akainua mkono kuelekea Kwale, kama anayeuliza: huku?

Wanangu, hapo nilielewa. Alidhani namtuma akakimbilie mahakamani, penye serikali. Na nafasi nilikuwa nayo. Kutikisa kichwa kungetosha. Lakini nilikuwa nimemwona Mwinga, mtoto wa ndugu yangu Randu, amesimama kisimani na panga, na nikawaza kwamba nikiita watajua ni mgeni wa nani, na nyumba hii itawaka. Nikainamisha uso, nikajifanya natafuta kitu chini. Nilipouinua, njia ilikuwa tupu. Nilichokisikia baadaye sitawaambia. Hakufika lami.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mkewe, Caroline, alikuja kabla ya jua kuzama, mtoto Purity mgongoni. Mama yenu ndiye aliyemwingiza zizini, nyuma ya kitalu cha wana-mbuzi, akamfunika majani, naye Caroline akakaa mle siku tatu, akinyonyesha katikati ya mbuzi wanaonyonyesha. Siku ya kwanza aliniuliza, "Baba, Harrison amepita hapa?" Nikamjibu, "Hapana, mwanangu, sijamwona." Dama alikuwa mlangoni na ndoo. Alikuwa ameyaona yote kutoka jikoni. Usiku nilimkataza kulisema; wiki ile aliwauza kuku wote, wala hakuniuliza, nami sikumuuliza.

Tangu hapo kizimba kitupu. Lakini kila siku jua linapofika utosini nasikia fito zinalia, kama mtu mzito anajipenyeza kwa tumbo, nami hutoka kwenda kuchungulia. Ulinishangaa, Abdurahman, kila mwaka nikibadilisha makuti ya kizimba kisicho na kuku. Nilitaka pawe tayari.

Na kila Idi Purity hunipigia simu. "Shikamoo babu, mama anakusalimu, anasema asante kwa kutuficha." Nami huitikia marahaba. Miaka yote hii nimeitikia! Msikitini wananitaja kuwa mzee aliyeficha watu, na nimekaa kwenye jamvi nikanyamaza. Moyoni nilijiambia kosa ni la neno, kwamba kwao kizimba ni cha mahakamani na kwetu ni cha kuku, ndiyo nikawachapa nyinyi kwa ajili ya maneno. Neno halina kosa. Nilimwona anapotea, nikanyamaza.

Sasa shikeni haya. Hati ya kile kipande imo kwenye sanduku la bati, chini ya kanzu zangu. Jina ni langu bado, kalibadilisheni liwe la Caroline na binti yake. Zizi nililisogeza nikaingia kwao hatua kumi na mbili, ling'oeni, mlirudishe. Nendeni kwa ami yenu Randu. Mlidhani tumegombana kwa ajili ya mpaka. Siyo. Kila nikimwona namwona Mwinga kisimani, na nilipata raha kumchukia yeye badala ya nafsi yangu. Mwambieni nimemsamehe, na yeye anisamehe. Na siku ya kunizika, atakayesimama kunisifu kwa kuficha watu, mkalisheni chini kwa adabu.

Nawaombea... nawaombea Mungu awape riziki ya halali na watoto wenye kuwasikiliza. Awape na sauti. Mtu akikosea njia mbele ya macho yenu, awape sauti ya kumwita kwa jina lake, hata kama... hata kama kuna watu kisimani.

Usilie, Twaiba. Abdurahman, mpigie Purity. Sasa hivi, usingoje. Inaita? Niwekee sikioni, mkono wangu hauna nguvu.

Marahaba, mwanangu. Marahaba... La, usinishukuru leo. Mama yako yupo karibu? Mpe simu.

Caroline. Ni mimi, Chirau.

Nilimwona.