Daktari Na-Kingine na Kikapu Chake

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mliofanya kazi na dada yetu, familia imempa mdogo wake wa mwisho, ambaye ni fundi friji na si mtu wa maneno, jukumu la kusoma historia ya maisha yake, naye ataisoma kama marehemu mwenyewe alivyoagiza, kwa kuwa alishaonya kwamba asithubutu mtu kusimama hapa na kusema "aliugua kwa muda mfupi", maneno ambayo, kwa kauli yake, hayajawahi kumfundisha mtu chochote.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa baba aliyekuwa fundi cherehani na mama aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Aliyemtangulia ni dada yetu mkubwa, yule ambaye leo amechagua kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, na ambaye aliacha shule akiwa darasa la sita ili atulee sisi wawili, akatubeba mgongoni, akatuogesha, na akatuchapa pia pale ilipobidi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1978 akajiunga na chuo kikuu kusomea famasia, akahitimu mwaka 1982, akaajiriwa katika hospitali kubwa ya mafunzo, na baadaye akapata shahada ya uzamivu kwa utafiti wa jinsi dawa zinavyogombana ndani ya mwili wa mtu. Mdogo wake alipomwomba amweleze kwa lugha ya fundi, alimwambia kwamba ini ni kama mlinzi wa getini, ukimpa dawa ya kumchangamsha kupita kiasi anaanza kuwatoa nje watu wote, hata wale walioalikwa.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, ambaye alimfahamu kwenye foleni ya dirisha la dawa, na ambaye hadi leo hulalamika kwamba maneno ya kwanza aliyoambiwa na mchumba wake hayakuwa "hujambo" bali "hicho kikohozi unakinywea nini?" Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu wa hisabati na kijana ambaye ni fundi umeme, na wajukuu watatu, ambao wote walijua kutamka "parasetamoli" kabla hawajajua kutamka majina yao sawasawa.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alisisitiza pasirukwe. Mwaka 1988 alimkuta mama yetu akimeza vidonge vya maumivu ya magoti, alivyonunua dukani, juu ya dawa zake za presha, naye kwa kuwa alikuwa kijana na elimu ilikuwa bado inamchemka kichwani, akamgombeza mbele ya wageni, akamwambia anajiua kwa ujinga wake. Mama alikuwa mtu wa haya, na kuanzia siku hiyo vidonge vile vilihamia ndani ya kopo la sukari juu ya kabati, na kila alipoulizwa alisema ameacha, mpaka figo zikashindwa kazi, akafariki tarehe 19 Juni 1990. Dada mkubwa ndiye aliyelikuta lile kopo wakati wa kupanga vyombo, akalileta, akaliweka mezani mbele ya marehemu.

Tangu hapo kazi yake iligeuka. Aliacha kuwauliza wagonjwa kama wanatumia dawa nyingine, kwa sababu aligundua kwamba watu hujibu hapana, na wala hawadanganyi, maana kwao majani ya uani si dawa, na kidonge ulichopewa na jirani si dawa, ni wema tu. Badala yake alimwambia kila mtu aje na kikapu, atie ndani kila anachokiweka mdomoni ambacho si chakula, akimwage juu ya ile meza ndefu katika chumba chake mwishoni mwa korido, na sharti la chumba kile lilikuwa moja, kwamba humo hagombezwi mtu, hata kikapu kikitoka na dawa ya mbwa, jambo ambalo liliwahi kutokea. Kikapu kikishaisha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Na kingine?" na mara nyingi mkono uliingia mfukoni ukatoka na kitu, ndiyo maana mkamwita Daktari Na-Kingine.

Kwa njia hiyo aliwasikia wanawake waliokuwa kwenye matibabu ya kifua kikuu, ambao walishika mimba ingawa walimeza vidonge vya uzazi wa mpango bila kukosa, na ambao waume zao na hata baadhi ya wauguzi waliwaita wasahaulifu. Kwamba dawa hizo mbili hazipatani lilikuwa limeandikwa vitabuni zamani, ila dirishani hakuna aliyekuwa akiwaambia, naye alibishana na wakubwa wake miaka miwili, akaitwa msumbufu, hadi ikawa marufuku kumpa mwanamke dawa ile ya kifua kikuu bila kumweleza. Alistaafu mwaka 2018.

Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa moyo, akaanza kutumia dawa ya kuzuia damu isigande, na mwezi Machi mwaka huu wa 2024 akaanza kutoka damu kwenye fizi na puani, akalazwa, na madaktari wakashindwa kuelewa kwa nini kipimo kilekile cha dawa kimekuwa kikali ghafla. Yeye alihisi. Alimwuliza dada mkubwa, aliyekuwa akimuuguza, "Na kingine, dada?" akajibiwa, "Hakuna, mdogo wangu," akauliza tena kesho yake, jibu likawa lilelile. Mara ya tatu hakuuliza, alimshika mkono akamwambia, "Dada, lile kopo la mama mimi ndiye niliyelipandisha kabatini, kwa mdomo wangu. Sitakugombeza." Dada mkubwa alilia, akaenda nyumbani, akarudi na kikapu, na ndani yake mlikuwa na unga wa mizizi aliokuwa akimtilia kwenye uji kila asubuhi ili apate nguvu.

Unga ulisimamishwa, dawa ikarekebishwa, damu ikakata, naye akarudi nyumbani kuishi na wajukuu wake. Alifariki tarehe 11 Novemba, kwa sababu moyo wenyewe ulikuwa umechoka, na daktari wake, ambaye yupo hapa, ameturuhusu kusema kwamba hayo ni maneno yake.

Yamesemwa maneno chinichini katika msiba huu, kwamba dada kamuua mdogo wake kwa kikombe cha uji. Marehemu aliyajua yatasemwa, akasema kwamba unga ule ulikuwa hatari, na kwamba aliyeuleta kikapuni ndiye aliyemwokoa, akaagiza yote mawili yasomwe, kwa sababu mkimsema huyu, alisema, kuna mwingine atatoka hapa aende kuficha cha kwake. Dada mkubwa, kiti kilicho wazi kando ya jeneza ni chako, yeye ndiye aliyeagiza kiwekwe, tunakuomba uje mbele.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi sebuleni, wanafunzi na wenzake wa kazini, na wagonjwa wake waliofika leo, wengine, tunaona, wakiwa na vikapu vyao.

Dada mkubwa ameshakaa. Daktari Na-Kingine, tumevitoa vyote mezani, hatukubakiza kitu mfukoni. Hakuna kingine. Lala sasa, na amani iwe nawe.