Shemasi Pyo Dal-su, Aliyemtafuta Mkewe Ndani ya Nyumba Yake

Tangu Alhamisi, ikifika saa kumi alasiri, simu haiiti tena nyumbani kwa marehemu Pyo Dal-su. Sisi wanawe tunaisikia saa hiyo ikipita.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1948 katika wilaya ya Cheongsong, mtoto wa nne kati ya sita. Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari ya kilimo mjini Andong, akamaliza mwaka 1967. Baada ya jeshi alirudi kwenye mteremko wa baba yake, akang'oa mtama na kupanda mitufaha. Kazi hiyo aliifanya miaka arobaini na tano. Kanisani alikuwa shemasi, na aliimba vibaya kwa moyo wote.

Alikutanishwa na mama yetu, Maeng Sun-rye, katika duka la chai mjini Andong. Walipoagana, mshenga alimuuliza Baba, "Haya, umemwonaje?"

"Sijui. Sikumtazama."

"Saa nzima! Ulikuwa unatazama nini?"

"Kikombe."

Walifunga ndoa tarehe 2 Novemba 1974.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019 kwa mkono kutetemeka. Februari 2021 Mama alimwekea supu mezani, naye akamshukuru kwa adabu: "Asante, mama. Mke wangu, mwenye nyumba hii, amekwenda wapi?" Tulicheka. Wiki iliyofuata alimfungia nje kwenye theluji, akisema mwanamke asiyemjua amevaa nguo za mkewe.

Shangazi Geum-rye, dada wa marehemu, alimfariji Mama kwa yale tuliyolelewa nayo: "Anakata upendo, wifi. Anayekaribia kufa hujifanya mbaya ili tusimlilie sana. Vumilia." Nasi watoto, wenye shahada zetu, tukamwambia Mama hayohayo. Alivumilia miaka miwili. Alilala ghalani, kati ya masanduku ya matufaha, akamshukuru mumewe kwa kumwandalia uchungu mwepesi.

Machi 2023 ndipo tulipompeleka Baba hospitali, Daegu. Daktari alieleza kwamba macho ya Baba yaliuona uso wa Mama vizuri. Njia iliyokatika ni ile inayoleta joto la kumpenda unapouona uso huo. Ubongo ulipoona uso bila joto, ulijitungia jibu: huyu ni mwingine. Alisema dawa zingeweza kusaidia kama Baba angekuwa amezianza mapema. Mama aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hakunichukia?"

Sauti, daktari alisema, hupita njia nyingine. Tangu siku hiyo, kila saa kumi, Mama alitoka hadi ghalani akampigia simu.

"Umekwenda wapi, mke wangu?" Baba alikuwa akiuliza. "Kuna mwanamke humu ndani. Si mtu mbaya, lakini chumvi hajui."

"Mvumilie," Mama alimjibu. "Amekula?"

"Sijamuuliza."

"Muulize."

Na Mama akirudi ndani, Baba alimuuliza, bila kumtazama, kama amekula.

Alhamisi tarehe 9 Novemba, hospitalini, Mama alimshika mkono. Baba akauvuta. "Mwambieni huyu mama atoke." Mama akatoka hadi kwenye korido, akapiga simu, na muuguzi akaiweka simu ya Baba sikioni mwake.

"Uko wapi?"

"Karibu."

"Basi njoo. Nimechoka kukungoja."

Mama alisimama mlangoni, simu mkononi, asiweze kuingia. Angeingia, Baba angemfukuza. Alimwambia, "Nakuja," akaendelea kusema nakuja, hadi muuguzi alipoiondoa simu sikioni mwa Baba. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

Ameacha mjane, dada yake Geum-rye, mwanawe Gi-tae, mimi binti yake Eun-sil, na wajukuu watatu. Mungu aliyempa joto lile amrudishie, naye apumzike kwake.

Amezikwa leo, Jumamosi, juu ya shamba lake, kando ya baba yake. Nafasi ya upande wa pili ni ya Mama.